UZI: Kithai sanifu ndicho kinachoua lugha ndogo za Thailand, au tunakisingizia?

#1 Mdadisi wa Kona
Wakuu, salaam.

Naleta hoja tuichambue. Thailand ina lugha zipatazo 70 kutoka familia tano: za Kitai, za Mon-Khmer, za Kitibeti-Kiburma, za Kiaustronesia na za Hmong-Mien. Zaidi ya kumi ziko ukingoni. Dai langu ni kwamba chanzo ni kimoja: Kithai sanifu kilichoshushwa kwa amri kutoka Bangkok. Angalieni mfululizo wake. Mwaka 1921 inakuja sheria ya elimu ya msingi ya lazima, na masomo ni kwa Kithai. Mwaka 1939 Siam inageuzwa jina kuwa Thailand, na waziri mkuu Phibun Songkhram anaanza kutoa zile amri 12 za utamaduni, Ratthaniyom. Ya 3 inapiga marufuku kugawa watu kuwa Wathai wa kaskazini, wa kusini au wa Kiislamu. Wote waitwe Wathai, basi. Ya 9, ya mwaka 1940, inamtaka kila raia akienzi na kukijua Kithai. Waliokuwa darasani enzi hizo ndio wazee wa juzi, na wajukuu zao hawajui kitu.

Mwenye maelezo mengine aje nayo.

#2 Kipanga wa Fonetiki
Dai tamu, ila ramani inalikataa. Kama Kithai sanifu ndicho kinachoua, wanaoacha lugha zao wangehamia Kithai sanifu. Wengi hawahamii huko. Wakuy na Waso wa kaskazini-mashariki wanahamia Kilao cha Isan. Wamlabri wa Nan na Phrae wanaishi na Wahmong na wakulima wa Kam Mueang, ndio wanaowapa vibarua, na lugha hizo ndizo zinazoingia kwanza. Urak Lawoi wa Phuket na Lanta watoto wao wanaongea Kithai cha kusini kabla hata hawajakizoea kile cha televisheni.

William Smalley alilieleza hili mwaka 1994: lugha za Thailand zimepangwa kwa ngazi. Juu kabisa Kithai sanifu, chini yake lugha nne za mikoa, chini yake vilugha vya mifukoni. Wa chini hujifunza lugha ya wa juu yake, wa juu hana haja ya kujifunza ya chini. Anayekumeza ni wa ngazi iliyo juu yako tu, si mfalme aliye mbali.

#3 Binti Pangani
Nimekaa siti ya mbele. Ila Kam Mueang nilidhani ni lahaja ya Kithai tu?

#4 Kipanga wa Fonetiki
Shuleni wanaiita lahaja, ndiyo. Ni lugha ya Chiang Mai, Chiang Rai, Lampang na kwingineko kaskazini, ina toni sita (miinuko ya sauti inayobadili maana ya neno) kwenye matamshi mengi wakati Kithai sanifu kina tano, na ina hati yake ya Tai Tham inayojaa kwenye vitabu vya majani ya mitende mahekaluni. Kuiita lahaja ni uamuzi wa wizara, si wa sikio.

#5 Mdadisi wa Kona
@Kipanga hiyo ngazi umeieleza vizuri lakini nani aliijenga? Kabla ya mageuzi ya mfalme Chulalongkorn, Chiang Mai ilikuwa na mtawala wake na Patani ilikuwa na sultani wake. Bangkok ndiyo iliyozigeuza kuwa "mikoa". Kwa hiyo hata anayehamia Isan anasukumwa na ngazi iliyosimikwa Bangkok. Naendelea kushikilia dai langu.

#6 Mwalimu Tumbo
Tuache nadharia, tuchukue Kichong. Kinazungumzwa Chanthaburi, zaidi wilaya ya Khao Khitchakut, karibu na mpaka wa Kambodia. Kundi lake ni la Pearic, na ndugu zake Kasong na Samre huko Trat wana hali mbaya kuliko yeye. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazee wa Kichong walishirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Mahidol, kikosi cha Profesa Suwilai Premsrirat, wakatengeneza herufi kwa kutumia hati ya Kithai, wakaandika hadithi, wakaingiza somo shuleni mwaka 2002. Sheria ya elimu ya 1999 ndiyo iliyofungua mlango wa mtaala wa kienyeji.

Yaani hapa serikali haikuzuia. Kitabu kipo, mwalimu yupo, darasa lipo. Na bado lugha iko hatarini. Hoja ya amri za 1940 haielezi jambo hili.

Sababu ni hesabu nyepesi. Somo la lugha ya kienyeji hupewa saa moja au mbili kwa wiki. Mwaka wa shule una wiki 40 hivi. Weka saa mbili: saa 80 kwa mwaka. Mtoto wa miaka minne anayelelewa na bibi anayeongea naye kutwa anapata saa hizo ndani ya siku kumi. Halafu mwalimu wa somo mara nyingi ni mzee wa kijiji asiye na cheti, hayumo kwenye bajeti ya mishahara, analipwa posho. Posho ikikatika, somo linalala. Mkuu wa shule akihamishwa, anayekuja anataka alama za mtihani wa taifa, na mtihani wa taifa hauna Kichong.

#7 Njiwa Manga
Mwalimu umenena, ila saa za darasa ni dalili tu. Ugonjwa ni nani anakaa na nani nyumbani. Chanthaburi ni nchi ya durian, ramutan na mangustini. Bustani zinaleta vibarua na wanunuzi kutoka kila upande, wasichana wa Kichong wanaolewa na wageni, na nyumba yenye mzazi mmoja asiyejua lugha huchagua ile ambayo wote wanaijua. Hakuna amri iliyohitajika hapo.

Mfano mkali zaidi ni Waugong wa Kanchanaburi, Suphan Buri na Uthai Thani. David Bradley aliwaandika mwaka 1989. Lugha yao ni ya Kitibeti-Kiburma, imezungukwa na Kilao na Kithai pande zote. Vijiji vyao kwenye matawi ya mto Khwae vilifunikwa na mabwawa ya umeme, watu wakatawanyika katika vijiji vya wengine. Vilivyobaki, wakaingia walowezi na ndoa za mchanganyiko, Waugong wakawa wachache kijijini kwao wenyewe. Lugha inahitaji kijiji ambacho wewe ndiye mwenyeji. Ukishakuwa mpangaji, basi.

#8 Mdadisi wa Kona
Bwawa la umeme kalijenga nani? Serikali ya Bangkok. Narudi palepale 😄

#9 Njiwa Manga
Hapo sasa unabishana kwa Bangkok, si kwa Kithai. Uzi wako umeandikwa "Kithai sanifu".

#10 Kipanga wa Fonetiki
Kuna kitu hakijaguswa na ndicho kinachovuruga miradi mingi: herufi zenyewe. Karibu kila mradi unachagua hati ya Kithai, kwa sababu mbili za kweli. Watoto wataihamishia kwenye Kithai bila kujifunza hati ya pili, na ofisi ya elimu haitashtuka. Lakini hati hiyo ilitengenezwa kwa lugha ya toni, na nyingi ya lugha hizi si za toni.

Kichong kina aina nne za sauti ya koo kwenye irabu: ya kawaida, ya kawaida inayoishia na mkwaruzo, ya pumzi, na ya pumzi inayoishia na mkwaruzo. Hiyo ya nne ni nadra duniani. Irabu inaanza na pumzi laini, inamalizia koo likibana. Kithai hakina alama ya kitu hicho.

Wengi hufikiri hivi: konsonanti za Kithai ziko za daraja la juu, la kati na la chini, na kwa mfano ข na ค zote ni /kh/. Basi tumia ya juu kwa sauti ya kawaida, ya chini kwa sauti ya pumzi. Inapendeza mpaka ufike kwenye ก จ ต ป. Hizo ni za daraja la kati, hazina pacha. Maneno yanayoanza na k, c, t, p kavu (si kh, ch, th, ph) yanabaki bila namna ya kutofautishwa, na ni mengi. Unalazimika kuongeza alama. Ukichukua alama ya toni ya Kithai kwa kazi hiyo, mtoto anayesoma Kithai tayari ataisoma kama toni, anapandisha na kushusha sauti mahali ambapo bibi yake anatoa pumzi. Ukitunga alama mpya, simu haina.

Tatizo la pili ni mwisho wa neno. Kithai husoma ล na ร za mwisho kama /n/, na จ na ส za mwisho kama /t/. Lugha za Mon-Khmer zina -l, -r, -c, -h mwishoni kila mahali. Chukua jina lenyewe la Wanyah Kur, wasemaji wa mojawapo ya lugha hizo, likiandikwa ญัฮกุร. Msomaji wa Bangkok akiliona ataishia na "kun", na ile ฮ ya katikati hajui aifanyeje, maana Kithai hakimalizii silabi kwa h. Mtoto wa Kinyah Kur aliyeanza Kithai kwanza anafanya vilevile. Ndiyo maana baadhi ya kamati huweka phinthu, ile nukta ya chini, kumwambia msomaji "hapa usifuate kanuni za Kithai".

#11 Binti Pangani
Mkuu Kipanga umeanzisha uzi ndani ya uzi. Nimesoma mara mbili, nimeelewa mara moja.

#12 Sandarusi
Mchango kuhusu kusini. Mfano unaopingana na Kichong ni Kimalay cha Patani: zaidi ya milioni 1 ya wasemaji katika Pattani, Yala, Narathiwat na sehemu za Songkhla. Mahidol walianza mradi wa lugha mbili pale 2007, wakaanza na shule moja moja katika mikoa minne, na mwaka 2016 ukapata tuzo ya UNESCO ya King Sejong. Shida iliyowasukuma haikuwa kwamba lugha inakufa. Ilikuwa kwamba watoto wanaingia darasa la kwanza hawajui Kithai, wanafundishwa kwa Kithai, wanafika darasa la tatu hawasomi lugha yoyote.

Utaratibu wao, kwa wanaotaka kuiga: mwaka wa kwanza wa chekechea ni kusikiliza na kusema kwa Kimalay tu, kwa picha kubwa ya tukio la kijijini (soko, shamba la mpira, harusi) ambayo watoto wanaieleza. Mwaka wa pili wanaanza kusoma Kimalay kilichoandikwa kwa herufi za Kithai, huku Kithai kikiingia kwa mdomo na kwa vitendo: simama, kaa, lete kitabu, bila kuandika. Darasa la kwanza ndipo wanavuka kusoma Kithai kwa zile herufi wanazozijua tayari. Kimalay hakiachwi, kinaendelea ngazi za juu, na Rumi (herufi za Kilatini) na Jawi (za Kiarabu) zinafuata. Kusoma kwenyewe kuna njia mbili zinazokwenda sambamba: kipindi cha maana, yaani hadithi kwenye kitabu kikubwa ambacho darasa zima linakiona, na kipindi cha usahihi, ambapo neno la msingi linakatwa silabi, silabi herufi, kisha linajengwa upya. Ukifanya cha kwanza tu, watoto wanakariri hadithi wakijifanya wanasoma. Ukifanya cha pili tu, wanasoma silabi bila kujua wamesoma nini.

Pagumu ni kwa mwalimu. Anaongea Kimalay tangu tumboni lakini hajawahi kukiandika, na siku ya kwanza ya mafunzo anaandika neno lilelile kwa namna tatu.

#13 Mdadisi wa Kona
Sandarusi, si wanaandika Kijawi siku zote kule? Kwa nini wawape herufi za Kithai?

#14 Sandarusi
Jawi ni hati, herufi za Kiarabu zilizoongezwa chache. Lugha ni Kimalay. Hata ndani ya Thailand watu wengi wanachanganya, wanaiita lugha "Yawi".

Na hapo umegusa kidonda. Wazazi na walimu wa dini wengi waliuona uamuzi wa hati ya Kithai kama njama ya kuwatenga watoto na vitabu vyao vya dini. Hoja ya upande wa pili ilikuwa ya kifonetiki: Jawi inafuata Kimalay cha fasihi, na umbali kati yake na kinachosemwa Pattani ni mkubwa. Kimalay cha Patani kina urefu wa konsonanti mwanzoni mwa neno: *bungo* ni ua, ukiirefusha ile b ya mwanzo inakuwa kuchanua, *jale* ni njia, na j ndefu ni kutembea. Jawi haionyeshi hilo. Mtoto wa miaka mitano anaandika anachokisikia. Pande zote mbili zina hoja na ubishi haujaisha mpaka leo.

#15 Mwalimu Tumbo
Nakazia. Ila tusilinganishe vitu visivyolingana. Patani lugha ya nyumbani ni nzima, shule inaisindikiza. Kwa Wachong lugha ya nyumbani imekatika, shule inatakiwa iifufue. Dawa ya mgonjwa wa kwanza haimtibu wa pili.

#16 Chaza
Mbona hamjawataja Wamoken, wale wa baharini waliookoka tsunami ya 2004? Wako Ko Lipe, Phuket na visiwa vya Surin.

#17 Njiwa Manga
Chaza, umewaweka watu watatu kwenye mtumbwi mmoja. Wa visiwa vya Surin, mkoa wa Phang Nga, ndio Wamoken. Wamoklen wako pwani ya Phang Nga na kaskazini mwa Phuket, wameshatulia nchi kavu. Wa Ko Lipe na Lanta, na wengi wa Rawai, ni Urak Lawoi. Kiurak Lawoi ni ndugu wa karibu wa Kimalay. Kimoken na Kimoklen wako kwenye tawi lao peke yao. Serikali inawaita wote chao le, watu wa bahari, na hata mpango wa kuwasaidia uliopitishwa na baraza la mawaziri Juni 2010 uliwafunga pamoja. Kitabu cha kiada cha Urak Lawoi hakimfai Mmoken hata kidogo.

Kwa Surin, ukitaka chanzo cha lugha kuyeyuka, anza na miti. Mashua yao ya kabang inachongwa kwenye gogo zima la mti mkubwa. Visiwa vikawa hifadhi ya taifa mwaka 1981, kukata mti hakuruhusiwi bila kibali. Hakuna gogo, hakuna kabang mpya. Hakuna kabang, hakuna safari ya miezi. Majina ya sehemu za mashua, ya kushona makuti, ya pepo na mikondo, mtoto anayaona kwenye bango la watalii tu. Baada ya tsunami vijiji viwili vikaunganishwa Ao Bon Yai, nyumba zimebanana, na 2019 moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji. Vijana wanaajiriwa kwenye boti za watalii, huko kazi ni Kithai.

#18 Mdadisi wa Kona
Na uraia je? Wamoken wengi waliishi bila vitambulisho. Ili uandikishwe unajieleza kwa ofisa, kwa Kithai.

#19 Njiwa Manga
Hilo nakupa. Kwao na kwa watu wa milimani, Kithai ni njia ya kupata kadi, kadi ndiyo hospitali na shule. Mzazi hawezi kulaumiwa kwa kuchagua.

#20 Bwana Darubini
Kuhusu Nyah Kur aliowataja Kipanga: hawa ndio walioandika yale maandishi ya mawe ya Dvaravati, ustaarabu wa kale wa Thailand, karne ya 6 na kuendelea. Lugha ya ustaarabu mkubwa leo inakufa Chaiyaphum!

#21 Kipanga wa Fonetiki
Taratibu mkuu. Maandishi ya Dvaravati yako kwa Kimon cha kale, na mengine kwa Kipali na Kisanskriti. Hoja ya Gérard Diffloth ya 1984 ni kwamba Kinyah Kur na Kimon cha leo ni watoto wawili wa Kimon hicho cha kale, na Wanyah Kur ni masalia ya watu wa Dvaravati waliobaki nyanda za Khorat wakati wengine wanamezwa na Wakhmer na Wathai. Hakuna jiwe lililoandikwa kwa Kinyah Kur. Ila kwa anayetaka kujua Kimon kilitamkwaje miaka elfu moja iliyopita, wazee wa wilaya ya Thep Sathit ni ushahidi usio na mbadala, kwa sababu wametunza sauti ambazo Kimon cha Burma kimezipoteza au kuzibadili.

#22 Kasa wa Mafia
Naomba kuchomekea. Hiyo hoja ya "jirani ndiye anayemeza" ipo hata kwetu. Kenya, Wayaaku wa Mukogodo walihamia Kimaasai, Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Wala si Kiswahili wala Kiingereza kilichowamaliza.

#23 Mwalimu Tumbo
Kweli kabisa, ila tofauti ipo: Kimaasai chenyewe hakina wizara. Kilao cha Isan kinachomeza Kiso nacho kinaliwa upande wa juu na Kithai. Mla huliwa. Tufungue uzi mwingine wa kwetu, huu ubaki Thailand maana Kipanga akianza Kiyaaku hatutalala.

#24 Kipanga wa Fonetiki
Nimesikia 😂

#25 Lulu ya Kati
Mnaongea kana kwamba lugha zote zina sauti. Mkoa wa Nakhon Phanom kuna kijiji cha Ban Khor chenye lugha yake ya alama iliyozaliwa kijijini, vizazi vichache tu nyuma, kwa sababu kulizaliwa viziwi kadhaa na wasikiaji nao wakajifunza kuongea nao. Angela Nonaka ameichunguza kwa miaka. Kinachoimaliza siyo Kithai cha mdomo. Ni Lugha ya Alama ya Thailand, ile ya shule za viziwi zilizoanza miaka ya 1950, ambayo yenyewe ilichanganyika sana na ya Kimarekani na ikazizika lugha za alama za zamani za Bangkok na Chiang Mai. Mwaka 1999 ikatambuliwa rasmi kuwa lugha ya taifa ya viziwi, ushindi mkubwa kwa viziwi wa nchi nzima. Mtoto kiziwi wa Ban Khor akipelekwa bweni anarudi na alama za shule.

Sasa Mdadisi na Kipanga, huyu muweke kwenye ngazi ipi? Aliyemmeza ni mnyonge mwenzake.

#26 Mdadisi wa Kona
Hii sikuwa nayo. Ahsante. Bado ni usanifishaji lakini, wa alama badala ya maneno.

#27 Bwana Darubini
Tuseme mtu anataka kurekodi kabla wazee hawajaondoka. Simu inatosha?

#28 Kipanga wa Fonetiki
Kwa hadithi na nyimbo, simu ni bora kuliko kukosa, mradi programu ihifadhi WAV. Kwa lugha zenye sauti ya pumzi na mkwaruzo, hapana. Simu nyingi zinachuja kelele zenyewe, na kichujio kinaichukua pumzi ya msemaji kuwa kelele. Unarudi nyumbani na Kichong kisicho na nusu ya fonimu zake.

Tumia kinasa sauti, WAV, 48 kHz, biti 24. Chaneli moja inakula takriban MB 520 kwa saa, mbili zaidi kidogo ya GB 1. Maikrofoni ya kichwani, sentimita chache pembeni mwa mdomo, isiwe mbele au kila p na ph inapasuka. Umbali usibadilike katikati ya orodha. Weka kiwango cha juu kabisa kisizidi -12 dB hivi, maana mzee akicheka ndipo rekodi inapokatika.

Neno lolote lirudiwe mara tano au zaidi, ndani ya sentensi ileile, kwa sababu neno la mwisho wa orodha siku zote linakuwa na mkwaruzo wa kuchoka na utaliandika kimakosa. Kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, linganisha harmoniki (tabaka za mawimbi yanayounda sauti) ya kwanza na ya pili, mwanzoni na mwishoni mwa irabu: ya kwanza ikiizidi sana ya pili ni pumzi, ikiwa chini yake ni mkwaruzo. Ukipima katikati peke yake, ile aina ya nne inajificha, kwa kuwa katikati inaonekana ya kawaida.

Nyenje ndio adui mkubwa. Jioni wanapiga kelele mpaka rekodi inakuwa mchirizo mmoja. Rekodi asubuhi, chini ya nyumba ya nguzo, si chini ya paa la bati wakati wa mvua.

#29 Sandarusi
Na msisahau unukuzi. Saa moja ya mazungumzo kwenye ELAN, programu ya kunukuu sauti, pamoja na tafsiri ya Kithai, inaweza kula saa 40 au zaidi, na anayeweza kuifanya ni mwenyeji wa lugha tu. Miradi mingi ina mamia ya saa za sauti na dakika chache zilizonukuliwa. Wazee wakishaondoka, sauti hizo hazina msomaji. Afadhali saa kumi zilizonukuliwa zote.

#30 Mwalimu Tumbo
Kuhusu lugha kubwa, msijidanganye kwamba wingi unalinda. Isan ina wasemaji mamilioni, ina muziki wa molam na luk thung unaopigwa mpaka Bangkok, lakini hati yake ya Tai Noi imebaki kwa watu wachache. Chuo Kikuu cha Khon Kaen kilijaribu kuirudisha, pamoja na vibao vya lugha tatu. Katiba ya 2017, kifungu cha 70, inaitaka dola ilinde haki ya makabila kuishi kwa utamaduni wao. Ila Mwisan kwa kawaida anahesabiwa Mthai tu, kwa hiyo kifungu hicho ni vigumu kumfikia. Tazama tena ile amri ya 3.

#31 Mdadisi wa Kona
Ahaa! Kwa hiyo tumerudi 1939.

#32 Mwalimu Tumbo
Kwa Isan, ndiyo. Kwa Kichong, hapana. Ukitaka chanzo kimoja cha lugha 70 utakitafuta mpaka uzeeke.

#33 Bwana Darubini
Swali la kiufundi kwa Kipanga au Sandarusi. Kamusi kwenye FLEx, programu ya kutengenezea kamusi, lugha imeandikwa kwa hati ya Kithai yenye phinthu. Mpangilio wa maneno unatoka ovyo, yote yanayoanza na เ na แ yamekaa pamoja mwishoni, na kutafuta neno lililopo kunasema halipo.

#34 Sandarusi
Hayo ni mawili tofauti. La kwanza: irabu เ แ โ ใ ไ huhifadhiwa kabla ya konsonanti yake, kama zinavyoonekana. Ukiandika orodha yako mwenyewe ya mpangilio, programu inazihesabu kama herufi ya kwanza. Kwenye mipangilio ya mfumo wa maandishi chagua mpangilio uleule wa Kithai, ambao unajua kuzivusha, kisha ongeza kanuni zako juu yake kwa zile herufi mlizotunga.

La pili ni phinthu. Ikikaa na ุ au ู, Unicode (kanuni ya kompyuta ya kuhifadhi herufi) inazipanga upya yenyewe, ukianza na yoyote matokeo ni yale yale. Ikikaa na ิ au ี haipangi. Kwa hiyo mchapaji mmoja ameweka phinthu kwanza, mwingine irabu kwanza, machoni ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Kubalianeni phinthu ifuate konsonanti mara moja, kabla ya kitu chochote, halafu fanya tafuta-na-badilisha kwenye faili zima kwa kila irabu ya juu. Chukua nakala ya faili kabla hujagusa.

#35 Bwana Darubini
Nimejaribu kwa ิ, maneno 212 yamebadilika na mengi yalikuwa yameingizwa mara mbili. Naendelea na ึ na ื. Na ile ั nayo imo?

#36 Sandarusi
Imo. Na ็ pia.